Roketi inayorudi kama chupa ya soda: inatuhusu nini sisi wa Kimbiji na Mabwepande?

Kuna maswali ambayo simu ya studio yetu hairuhusu tuyasahau. Moja huja usiku usio na mwezi, hasa kutoka kwa wasikilizaji wa pembezoni ambako taa za mjini hazijafifisha nyota: Kimbiji, Mabwepande, Chamazi kule ndani. "Mtangazaji, kuna msururu wa taa unapita angani, umejipanga kama mabehewa ya treni. Ni kitu gani?" Wapo wanaodhani ni ndege za vita. Wapo wanaouliza kama ni dalili za mwisho wa dunia.

Mara nyingi jibu ni satelaiti za intaneti za Starlink, zilizoachiwa na roketi siku chache nyuma na bado hazijatawanyika. Lakini tukijibu hivyo hewani, swali la pili linafuata papo hapo: mbona zamani hatukuziona? Hilo haliishi ndani ya dakika mbili za kipindi, ndiyo maana tumeliandika hapa ulisome kwa nafasi yako.

Kwa kifupi, zamani kila roketi ilirushwa mara moja na kutupwa. Siku hizi zipo zinazorudi chini na kurushwa tena, ila si roketi nzima inayorudi. Ni sehemu tu. Na hiyo sehemu inayorudi, pamoja na ile isiyorudi, zote mbili zina jambo na sisi.

Chupa inarudi, kizibo kinatupwa

Ukienda kwa Mangi ukanunua soda ya chupa ya kioo na kutaka kuondoka nayo, atakuuliza chupa tupu iko wapi. Kama huna, utaacha pesa ya chupa. Mangi hana roho mbaya. Chupa ile ni mali, itarudi kiwandani, itaoshwa na kujazwa tena. Kizibo hakuna anayekudai.

Roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ya Marekani inafanya kazi kwa mtindo huo. Ina urefu wa mita 70, sawa na jengo la ghorofa zaidi ya 20, na ina sehemu kuu mbili. Sehemu ya chini ndiyo kubwa, ina injini tisa. Inaunguza mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu, ndugu wa haya tunayotia kwenye kibatari, pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Kazi yake ni kuunyanyua mzigo wote kutoka ardhini.

Baada ya kama dakika mbili na nusu, sehemu ya chini inaachana na ya juu. Ya juu, yenye injini moja, inaendelea na safari hadi kufikia mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Ni mwendo huo unaoifanya satelaiti iendelee kuizunguka Dunia bila kuanguka.

Kwenye roketi za zamani, sehemu ya chini iliangukia baharini ikawa chuma chakavu. Hii ya sasa inawasha baadhi ya injini zake tena ili ipunguze mwendo, inajiongoza kwa mapezi manne, inakunjua miguu minne na kutua wima, ama nchi kavu ama juu ya chombo bapa kinachoisubiri baharini. Kuanzia kuruka hadi kutua hazipiti dakika kumi. Kofia ya mbele inayofunika mzigo nayo hushuka kwa miavuli na kuokotwa.

Sehemu ya juu hairudi. Kila safari inatengenezwa mpya na kila safari inatupwa. Hicho ndicho kizibo chetu, ila ni kizibo cha mamilioni ya dola. Mwaka 2018 mkuu wa SpaceX, Elon Musk, alieleza kwamba sehemu ya chini ni kama asilimia 60 ya gharama ya roketi, na ya juu kama asilimia 20. Ukiokoa ile ya chini umeokoa kubwa, lakini hujaokoa yote.

Kurudi nako kuna gharama yake. Lazima roketi ibakize mafuta ya kutulia, na mafuta ni uzito. Ni kama gari la mizigo la kutoka Mbagala linaloacha magunia kadhaa ya abiria wake ili lipakie madumu ya mafuta ya kurudia. Linarudi salama, lakini limebeba kidogo.

Kurudisha peke yake hakukutosha

Wazo hili si la jana. Kuanzia 1981 hadi 2011 Marekani ilirusha chombo kinachoitwa Space Shuttle, kilichopaa kama roketi na kurudi kutua kama ndege. Nacho kilikuwa cha nusu kurudi: tangi lake kubwa la mafuta lilitupwa kila safari. Kiliruka mara 135. Watu 14 walipoteza maisha katika ajali mbili, ya mwaka 1986 na ya 2003.

Lakini Shuttle haikushusha gharama kama ilivyoahidiwa. Kila iliporudi, maelfu ya wafanyakazi walihitajika kuikagua na kuitengeneza kabla ya safari nyingine. Ukitumia pesa nyingi kuosha chupa kuliko kununua mpya, kreti lako la chupa tupu halijakusaidia kitu.

SpaceX nao hawakufika kirahisi. Roketi yao ililipuka angani Juni 2015, na nyingine ikaungua pale pale kwenye jukwaa Septemba 2016. Katikati ya misukosuko hiyo, tarehe 21 Desemba 2015, sehemu ya chini ya Falcon 9 ilitua salama Florida baada ya kupeleka satelaiti angani. Tarehe 30 Machi 2017 waliirusha kwa mara ya kwanza sehemu iliyokwishatumika. Leo zipo ambazo kila moja imeruka zaidi ya mara 30.

Matokeo yake unayaona kwenye hesabu. Mwaka 2024 peke yake, roketi za familia ya Falcon ziliruka zaidi ya mara 130, yaani chini ya siku tatu kati ya safari na safari. Zaidi ya nusu zilibeba satelaiti za Starlink za kampuni hiyo hiyo. Ndiyo sababu babu yako hakuiona treni ya taa na wewe unaiona.

Mitumba iliyowabeba majirani zetu

Hapa ndipo habari inapoingia Afrika Mashariki. Satelaiti ya kwanza ya Kenya iliitwa 1KUNS-PF, kisanduku cha sentimita 10 kila upande kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo cha Sapienza cha Roma. Ilipaa tarehe 2 Aprili 2018 ndani ya shehena iliyokwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikaachiwa kutoka huko tarehe 11 Mei. Roketi iliyoibeba ilikuwa Falcon 9 ambayo sehemu yake ya chini ilikwisharuka safari nyingine kabla. Kwa lugha ya Karume na Kariakoo, Kenya iliingia angani kwa mtumba, na mtumba ukafika.

Ya pili inajulikana zaidi. Ni Taifa-1, iliyopaa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Ilikuwa kwenye safari moja na mizigo mingine takriban 50 ya wateja mbalimbali. Shirika la Anga la Kenya lilisema utengenezaji wake uligharimu shilingi milioni 50 za Kenya, chini kidogo ya milioni 900 za Tanzania kwa viwango vya wakati ule. Kazi iliyotajwa ilikuwa kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo, usalama wa chakula na maafa.

Safari hiyo ilikuwa sawa na daladala. Hukodi gari zima, unalipa kiti chako. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza nauli ya kuanzia dola 275,000 kwa mzigo wa hadi kilo 50, kama shilingi milioni 640 za Tanzania. Ni pesa nyingi kwa mtu mmoja. Kwa nchi, ni pesa ambayo halmashauri inaweza kuitumia kwenye mradi mmoja wa barabara fupi.

Wazee wa Malindi wanaweza kucheka wakisikia haya. Pwani yao ilirusha satelaiti tangu 1967 hadi 1988, kutoka majukwaa ya San Marco yaliyosimamishwa baharini na Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo na kupewa jina la Uhuru. Ndiyo ya kwanza kabisa iliyotengwa kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei. Roketi zote zile zilikuwa za kutumia mara moja, na zilikuwa za wageni. Mlango wa anga ulikuwa Malindi, lakini satelaiti mbili za Wakenya wenyewe zilipandia Marekani, kwa sababu huko ndiko basi linalorudi lilikokuwa.

Nafuu imebaki mkononi mwa nani?

Sasa tuulize swali la sokoni. Kama chupa inarudi na kujazwa mara 30, bei ya soda imeshuka?

Ukilinganisha na roketi za zamani, ndiyo, imeshuka sana. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Bei ya kukodi Falcon 9 nzima ilikuwa dola milioni 62 miaka michache iliyopita. Mwaka 2022 ikatangazwa dola milioni 67, kisha ikakaribia milioni 70. Nauli ya kiti cha kilo 50 nayo ilipanda kutoka dola 275,000 hadi 300,000. Wakati huo huo sehemu za chini zilikuwa zinarudi mara nyingi zaidi na zaidi.

Kampuni ilitaja mfumuko wa bei, na huo ni wa kweli. Hata hivyo kila mfanyabiashara wa Tandika anaelewa sababu nyingine: ukiwa peke yako sokoni, huna haja ya kugawana nafuu na mteja. Nafuu ile imewasaidia zaidi wenyewe kutandaza maelfu ya satelaiti zao za Starlink.

Washindani wanakuja, taratibu. Kampuni ya Blue Origin ilifanikiwa kuitua sehemu ya chini ya roketi yake kubwa, New Glenn, Novemba 2025. Kampuni za China zinajaribu. Wakifikia kuruka kila wiki, huenda bei ikaanza kuvutana.

Kutegemea basi moja kuna hatari nyingine. Julai 2024 sehemu ya juu ya Falcon 9, ile ya kutupwa, ilipata hitilafu angani na satelaiti 20 zikapotea. Roketi zote za aina hiyo zikasimamishwa kwa takriban wiki mbili. Zilirudi haraka, lakini kwa siku hizo foleni nzima ya dunia ilisimama. Hata Ulaya, yenye roketi zake, iliamua mwaka 2024 kuiondoa satelaiti mpya ya hali ya hewa kwenye roketi ya Ulaya na kuipandisha Falcon 9, na ikapaa tarehe 1 Julai 2025. Kama Ulaya imekaa kwenye foleni ile, sisi tutakaa pia.

Kisichorudi huangukia wapi?

Tarehe 30 Desemba 2024, wakazi wa kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, waliona kitu kikishuka kutoka angani. Kilikuwa pete ya chuma yenye upana wa kama mita mbili na nusu na uzito wa kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwa kawaida vipande kama hivyo huungua vikirudi au huangukia baharini. Hiki hakikuungua, kikatua karibu na makazi ya watu. Hakikumuumiza mtu.

Tuwe waangalifu: hatusemi kilitoka kwenye Falcon 9. Tunasema kwamba kila roketi, hata hizi za kisasa, bado ina kitu kinachobaki juu na siku moja kinashuka. Februari 2025 sehemu ya juu ya Falcon 9 ilirudi bila kuongozwa na matangi yake yakaokotwa Poland, moja nyuma ya ghala karibu na mji wa Poznań. Safari zikiongezeka, vizibo vinaongezeka. Mara nyingi kampuni huielekeza sehemu ya juu iangukie katikati ya bahari. Mara nyingine hitilafu inatokea na uelekezaji unashindikana.

Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa fidia kwa madhara yaliyotokea ardhini, hata kama mwathirika hawezi kuthibitisha uzembe. Ni kinga nzuri kwa mtu wa kijijini. Ugumu wake ni kujua kwanza kipande ni cha nani.

Kwa hiyo wasikilizaji wetu, kama siku moja kitu kigeni cha chuma kitaanguka shambani, msikiguse wala kukikata mkauze kama chuma chakavu. Baadhi ya roketi na satelaiti hubeba mafuta yenye sumu kali. Wazuieni watoto, toeni taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi, na pigeni picha mkiwa mbali. Alama na maandishi kwenye kipande ndivyo vinavyosaidia kumpata mwenyewe.

Na sisi Tanzania?

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Tanzania imeanza safari ya kuwa na satelaiti yake. Wakati ule wengi walicheka mitandaoni: tumemaliza matundu ya vyoo shuleni? Sisi tunaona swali hilo ni halali, ila linafaa kuulizwa vizuri.

Miaka 20 iliyopita kikwazo kilikuwa usafiri. Leo kiti kipo na bei yake inajulikana. Kupeleka kisanduku angani si miujiza tena. Kigumu kimehamia ardhini: nani atapokea picha zile kila siku, nani atazisoma, na taarifa itamfikiaje mkulima wa Mkuranga au mvuvi wa Mafia kabla mvua haijamkuta.

Kumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitoa tahadhari mapema, boti zikasimamishwa, na sisi redioni tulisoma taarifa zile mara kwa mara. Kimbunga kilionekana kikiwa mbali baharini kwa sababu zipo satelaiti zilizokuwa zinakitazama. Za wengine, lakini zilitufaa, kwa sababu TMA ina watu wanaojua kuzisoma. Nchi ikinunua satelaiti bila kuandaa watu wa namna hiyo kwenye kilimo, ardhi na maafa, itakuwa imenunua kreti bila kuwa na duka.

Siku chache baada ya Hidaya, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Miamala ilikwama, na wengi wakaanza kuuliza habari za Starlink. Rwanda, Msumbiji, Kenya, Malawi na Zambia zote zilifunguliwa huduma hiyo mwaka 2023. Hadi mwisho wa 2024 Tanzania haikuwa imeipa leseni. Kwa hiyo kabla hujanunua kisahani unachouziwa na mtu wa mpakani, hakikisha kwanza TCRA inasemaje, usije ukapoteza pesa na mzigo pia.

Na usidhani setilaiti nyingi ni mtandao usioisha. Mwishoni mwa 2024 Starlink ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu mtandao ulijaa. Roketi nafuu zimeleta chaguo la pili pale nyaya zinapokatika. Hazijaondoa haja ya nyaya wala minara.

Maoni yetu ni haya. Serikali ikipeleka bungeni bajeti ya satelaiti, tusiishie kuuliza roketi gani itaibeba na itapaa lini. Tuulize vijana wangapi wa Sokoine na wa vyuo vingine wamefundishwa kuzisoma picha zake, zitatolewa bure kwa halmashauri au zitauzwa, na afisa ugani wa kata atazipata kwa njia gani. Majibu yakiwepo, nauli ya kiti ni biashara nzuri. Yasipokuwepo, hata tukibebwa bure tutakuwa tumepanda tu.

Ukiiona treni ya taa usiku, tuandikie saa na upande ulioiona, tutaisoma kwenye kipindi cha asubuhi.